Kitanda Juu ya Matofali

Kwetu Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, mvua za kwanza zikikaribia, watu hupandisha vitanda. Hakuna anayetangaza. Utaona tu mwanamke mmoja anapita na matofali kwenye beseni, kesho yake mwingine, na ikifika Jumapili barabara nzima imeshajua kwamba msimu umeingia. Tofali huwekwa chini ya kila mguu wa kitanda, moja au mawili kulingana na umbali wako na mto, ili maji yakiingia ndani yalikute godoro liko juu. Gunia la unga hupanda mezani. Viatu hulala kwenye rafu pamoja na sahani. Tangu hapo hadi mwezi wa tano tunaishi juu juu, kama watu waliofunga mizigo na hawaondoki.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anainua, mwingine anasukuma tofali. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu ndiye aliyeinua. Alikuwa mtu wa reli, mtoto wa mtu wa reli, na mgongo wake ulijua kubeba. Alishika ubao wa kitanda, akabana pumzi, uso ukamvimba, kisha akasema kwa meno yaliyofungwa: "Tia, mama, tia! Unangoya nini?" Mimi nimepiga magoti sakafuni na tofali mkononi, nacheka, na nikicheka mkono haufiki mahali pake, na yeye anazidi kukasirika. Kila mguu na ugomvi wake. Tukimaliza alipanda kukaa pale juu, miguu ikining'inia, akatangaza kwamba sasa mvua inaweza kunyesha, yeye yuko tayari.

Alifariki katikati ya kiangazi, wakati vitanda vyote viko chini.

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti, naye ameolewa Kolwezi. Baada ya msiba alibaki nami siku kadhaa, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, akapanga upya jiko langu hata nikawa natafuta chumvi. Siku ya kuondoka aliniangalia sana.

"Mama, unabakia na nani mu hii nyumba?"

"Na nyumba," nikamjibu.

Hakucheka. Alinishika mkono, akasema: "Basi sikia. Siku maji itagusa kitanda yako, miye nakuya kukubeba. Ile siku hatutabishana."

Nilikubali, maana nilitaka aende ili nilie vizuri. Lakini neno lile lilibaki ndani ya nyumba. Binti yangu si mtu wa kusema na kusahau, katika hilo amenifuata mimi.

Sina ubaya na Kolwezi. Mkwe wangu ni mtu mwema, na chumba walichoniwekea kina vigae na televisheni. Tatizo ni kwamba nilishaona mwisho wa safari kama hizo. Jirani yangu wa zamani, bibi aliyekaa upande wa chini, upande wa mto, alichukuliwa na watoto wake hivyo hivyo. Aliniambia anakwenda kusalimia tu. Baadaye lupango lake, maana huku kiwanja na nyumba yake tunakiita lupango, likauzwa. Aliponipigia simu nilimuuliza kama yuko vizuri. Akasema yuko vizuri sana, anakula nyama kila siku, ila hana mtu wa kugombana naye. Nilijua ni nini alichokuwa ananiambia.

Kati ya lupango langu na la bibi yule kulikuwa na ukuta mfupi wa matofali ya udongo, na chini ya ukuta tundu. Mtu asiyetoka huku anaweza kufikiri ni ukuta mbovu. Sivyo. Mtaa wetu umelala kwenye mteremko, na wazee waliopima viwanja vya kwanza walipatana kwamba kila mtu ataacha tundu chini ya ukuta wake, ili maji ya mvua yapite kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake mpaka yafike mtoni. Maji ya jirani wa juu yalipita kwangu, yangu yakapita kwa bibi, ya bibi yakashuka mtoni. Kuku walipita humo pia. Bibi aliinama akaniita kupitia humo kama hataki kuvaa viatu vya kutokea barabarani, nami nikainama kumjibu, wanawake wazima wawili tukizungumza na majani.

Aliyenunua pale ni mama kijana, familia yake asili yake Kasai, ingawa yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa Lubumbashi. Mume wake anafanya biashara ya mpakani, Kasumbalesa, na siku nyingi hayupo. Yeye anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mlangoni na kulea watoto wadogo wanaofuatana kama vifaranga. Mtu wa kazi, lazima niseme. Kitu cha kwanza alichojenga ni ukuta wa bloku za saruji, mrefu kunizidi mimi, na fundi alipofika upande wangu sikuona tundu. Nilizunguka nikaenda kumwona.

"Voisine," nikasema, kwa kuwa ndivyo tunavyoitana majirani, "uache tundu ya maji pale chini. Hapa kila lupango inaachaka."

"Mama, ile maji inapitia mu ma-toilette ya bantu mbele ya kufika kwangu. Batoto yangu banacheza pale."

"Sasa ipite wapi?"

"Ipite mu avenue."

"Avenue iko ya maji ao ya bantu?"

"Ile uulize Leta, mama."

Serikali haikuwepo pale ili niiulize. Nikarudi kwangu nimevimba kwa hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mama yule hakuwa amesema uongo. Maji yale ni machafu kweli. Yanabeba kila kitu ambacho mtaa wa juu hautaki kukiona. Tangu siku hiyo tukawa watu wa salamu tu, "mbote" na "mbote", kila mmoja na njia yake.

Watu wa mjini wakisikia Naviundu imejaa maji husema ni mvua ya Mungu. Mimi nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na majibu ya namna hiyo nilikuwa nayapa alama sifuri. Mvua kubwa tumekuwa nayo tangu utoto wangu. Kule juu, upande wa Annexe, palikuwa na miti na majani marefu, na mvua ilikuwa inalala kwanza kabla ya kushuka. Miti ikawa makala, nami nimepikia makala hayo. Mahali pa majani pakawa nyumba, bati kwa bati, na uwanja uliofagiwa mpaka ukawa mgumu kama meza. Kandokando ya mto watu walichimba udongo wa matofali wakaacha mashimo, wengine wakalima mboga hadi ukingoni, udongo ukaingia mtoni na mto ukapungua kina. Mifereji ya barabarani tuliilisha chupa za plastiki. Halafu tukajenga kuta zisizo na matundu. Sasa maji yafanyeje? Yanakwenda yanapoweza.

Mwezi wa kumi ulifika, matofali yakaanza kupita barabarani. Yangu yalikuwa nyuma ya jiko, yale yale ya kila mwaka, na alama nyeusi za miguu ya kitanda. Niliyaosha. Nikayapanga chumbani, mawili mawili, karibu na kila mguu. Kisha nikakaa kitandani nikiyatazama.

Kumwita mwanaume haikuwezekana. Mjane ambaye hajavua nguo za msiba haingizi mwanaume chumbani kwake, hata kama ni kwa ajili ya tofali. Wamama wa kanisani wangekuja mbio, na kabla jua halijatua binti yangu angekwisha kupata habari Kolwezi kwamba mama yake hawezi hata kuinua kitanda. Mwanamke wa karibu mwenye mikono ya nguvu alikuwa nyuma ya ukuta wa bloku, na huyo nisingemwomba hata maji ya kunywa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kiburi changu hakikuzikwa na mume wangu.

Ndipo nikakumbuka kriki. Mume wangu aliwahi kuwa na gari, likafa, likauzwa vipande vipande, ikabaki kriki ya kuinulia, ambayo alikataa kuitoa kwa sababu, alisema, mtu hajui ya kesho. Niliitoa stoo, nikaipaka mafuta, nikaisukuma chini ya kitanda upande wa kichwa, nikaanza kuzungusha. Kitanda kilipanda polepole, kinalia. Nikatia matofali upande ule, moja baada ya jingine, bila mtu wa kunigombeza. Nilitegemea nitafurahi. Badala yake nilijikuta nimepiga magoti palepale nikingoja mtu aseme "tia, mama".

Upande wa miguuni mambo yaliharibika. Ubao wa huko ni mwembamba. Kriki ilipopanda kidogo ubao ulitoa mlio, ukapasuka, na nikaogopa kwamba nikiendelea nitabaki bila kitanda kabisa. Nikaacha. Kitanda kikawa kichwa juu, miguu chini. Nililala hivyo wiki nyingi. Kila asubuhi nilijikuta nimeteleza, magoti yamekunjwa, nyayo zimegonga ubao wa chini, mto wa kulalia uko mbali huko juu. Ningekuwa na mtu wa kumsimulia tungecheka mpaka tushike mbavu. Nilijisimulia mwenyewe, haikuchekesha.

Jioni binti yangu alipiga simu kama kawaida.

"Mama, kitanda ilishapanda?"

"Ilipanda."

Nusu ilikuwa kweli.

Mvua yenyewe, ile ninayotaka kuisema, ilikuja Jumamosi mchana, karibu na Noeli. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Mbingu ilifunga upande wa Annexe, upepo ukaleta harufu ya udongo, nikaingia na beseni langu bila haraka, maana mvua za namna hiyo tunazijua. Hii haikuwa ya namna hiyo. Bati lilipiga kelele hata sikusikia mawazo yangu. Iliendelea bila kupumua, na nilipochungulia dirishani, tundu la jirani wa juu lilikuwa linatapika maji mekundu uwanjani kwangu, na ndani ya maji chupa, sandali moja, majani ya mahindi na bata aliyekuwa bado hai, ameshangaa.

Miaka mingine maji yale yangevuka uwanja na kutoka kwa bibi. Sasa yalifika kwenye ukuta wa bloku, yakasimama, yakageuka, yakaanza kurudi kwangu. Nilitoka na jembe nikajaribu kuchimba njia kuelekea barabarani. Barabara yenyewe ilikuwa imekuwa mto. Nikarudi ndani, nikaziba chini ya mlango na magunia na nguo za kudekia. Maji yaliingia kwa mlango wa jikoni. Yalikuja taratibu, yakazunguka mguu wa meza, yakapita sebuleni, yakaingia chumbani kama mtu anayeijua nyumba.

Nilipanda kitandani, upande wa juu. Nikashika godoro nikalivuta kuja kwangu ili ile ncha ya chini isiguse. Godoro la watu wawili ni zito, na nilikuwa nimelikalia mwenyewe. Niliona maji yakifika kwenye miguu ya chini, yakaupanda ubao uliopasuka, halafu kona ya shuka ikabadilika rangi. Pale nikalia. Sikuwa namlilia marehemu, wala mali. Maji sikuyaogopa tena. Niliogopa kile chumba cha vigae, na nyama ya kila siku, na watu wema wanaoniuliza kila saa kama nataka chai. Maji yalikuwa yamegusa kitanda, na binti yangu hasahau.

Kisha nikasikia mshindo. Wa kwanza nilidhani ni radi. Wa pili ulitoka upande wa ukuta. Nilidhani ukuta unaanguka, nikashuka, maji yakanifika chini ya magoti, nikafungua dirisha la nyuma. Chini kabisa ya ukuta bloku moja ilikuwa inatikisika. Ilitikisika tena, ikapasuka, ncha ya mtaimbo ikatokea upande wangu, ikarudi, ikatokea. Bloku ikaenda, na ile ya pembeni ikaifuata. Maji ya uwanja wangu yote yaligeuza uso. Yalikimbilia tundu lile kwa sauti ya kumeza.

Kupitia humo niliona miguu ya mama yule, sketi imefungwa juu ya magoti, na nyuma yake magunia yake ya makala, yaliyokuwa yamepangwa vizuri kwa ajili ya biashara ya Noeli, yanaangushwa na maji yangu moja moja. Makala yalimwagika yakaelea yakishuka kwenda mtoni. Hakuyafukuza. Alisimama pembeni ya tundu, mtaimbo mkononi, akilinda lisizibwe na takataka.

Mvua ilipopungua alizunguka kwa barabara akaingia kwangu bila kupiga hodi, amelowa mpaka nywele.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima. Makala yako, voisine."

"Aah, makala." Akapita mpaka chumbani kuangalia hasara. Hapo akasimama. Akakitazama kitanda, kichwa juu, miguu chini, godoro limevutwa nusu, mimi matope mpaka kiunoni.

"Unalalaka hapa?"

"Ndiyo."

"Namna hii? Kama muntu anateremuka mulima?"

Alijaribu kujizuia. Nilimwona. Midomo ikamtetemeka, akajifunika mkono, na mimi nikaanza kucheka kabla yake. Tulicheka tumesimama ndani ya maji mpaka tukashika ukuta. Halafu bila kuulizana alikwenda upande wa miguuni, akashika kando ya ule ubao uliopasuka, akabana pumzi.

"Tia, mama," akasema.

Sijui kama alielewa kwa nini mikono yangu ilichelewa.

Nilitia. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Tulikuwa bado tunahema pale simu ilipolia juu ya kabati. Watu walikuwa wameshatuma picha za mafuriko, na Kolwezi si mbali kwa picha. Nilishika simu, nikasikia "Mama? Mama, maji iliingia?", na macho yangu yakaenda kwenye ile kona ya shuka iliyolowa. Mama yule aliitoa simu mkononi mwangu taratibu.

"Allô? Hapa ni voisine ya chini. Eko muzima, eko hapa pembeni yangu... Ndiyo, iliingia, lakini ilishapita... Kitanda?" Akanitazama. Akakitazama kitanda. "Kitanda iko yulu." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, haiko peke yake. Miye nitakuwa napita kumuangalia."

Aliponirudishia simu, binti yangu alikuwa analia. Nilijiandaa kusikia habari ya gari litakalokuja kesho. Aliniuliza tu: "Mama, ule ni nani?"

"Jirani," nikasema.

"Haukuniambiaka kama uko na jirani."

"Sasa nimekuambia."

Hakuja kunibeba.

Wiki zilizofuata zilikuwa za matope. Chini, karibu na mto, nyumba za matofali mabichi zilikuwa zimeyeyuka, na wenyewe walilala darasani, katika shule niliyofundisha, mpaka likizo ilipokwisha wakaambiwa watafute pengine. Visima viliharibika. Harufu ilikaa ndani ya kuta hata baada ya kuzipaka chokaa, na tumbo lilisumbua watoto wengi mtaani, wa jirani yangu nao. Nilimtengenezea uji wa chumvi na sukari kila mtoto, mmoja mmoja, nikakumbuka maneno yake ya kwanza kuhusu maji machafu. Tundu hakuliziba. Aliweka vyuma vyembamba vya kuzuia chupa, na kila mvua ikitaka kunyesha ananipigia kelele kupitia humo niondoe takataka za upande wangu. Nainama namjibu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Nyumba bado ni kimya. Anapita asubuhi, anasimama mlangoni na beseni kichwani, anaangalia kama nimeamka, anakwenda, ana watoto na makala. Anapoondoka kimya kinarudi mahali pake, na jioni ni ndefu. Mtu mmoja anayepita hajazi nafasi ya mtu aliyekuwa anakaa.

Mwezi wa tano ulifika. Ardhi ilikauka, na barabarani nikaanza kusikia vitanda vinavyoburutwa na matofali yanayotolewa. Kushusha nako ni kazi ya wawili. Jirani yangu alikuja Jumapili baada ya misa, na mkono mmoja kiunoni akakitazama kitanda changu. Mume wake alikuwa ameshaupigilia misumari ule ubao uliopasuka, siku moja tulipositisha kidogo sheria za msiba na kuniweka mimi mlangoni kama mlinzi.

"Mama, si uliniambiaka kulikuwa kriki? Ile utashusha nayo hata peke yako, siku yoyote. Hauna lazima ya kuningoya."

"Kriki?" nikasema. "Iliharibika. Ju ya ile maji."

"Yote?"

"Yote. Kutu tupu."

Alisikitika kidogo, akakunja mikono ya blauzi. Alishika ubao, akabana pumzi, nami nikapiga magoti nikavuta tofali. Tukashusha mguu baada ya mguu, akinigombeza kwamba nachelewa. Alipomaliza alijipangusa, akasema basi, tutakipandisha tena mwezi wa kumi.

"Mwezi wa kumi," nikamjibu.

Kriki iko jikoni, ndani ya ndoo, chini ya magunia matupu. Nimeifunga kwa kitambaa chenye mafuta. Huwa naizungusha mara moja moja, na inazunguka vizuri kabisa.